Mnaokwenda Andalusia, laleni Córdoba: mpango wa siku mbili kwa mwenye muda mfupi

Wanajukwaa, salaam.

Katika miezi ya karibuni nimeona wenzetu kadhaa wakiuliza namna ya kupanga safari fupi ya Hispania, na karibu kila ratiba inayowekwa huifanya Córdoba, mji wa jimbo la Andalusia kusini mwa Hispania, kuwa mahali pa kuteremka asubuhi, kupiga picha katika msikiti wa kale, kula chakula cha mchana na kupanda treni ya saa kumi kwenda Sevilla. Safari ya namna hiyo niliifanya mara moja nikaijutia. Miaka mitatu baadaye nilirudi pamoja na baba yangu mzazi, tukalala pale siku mbili, na tofauti niliyoiona kati ya safari hizo mbili ndiyo iliyonifanya nifungue uzi huu. Ninalo jambo moja tu la kuwaomba: mkiwa na siku chache, punguzeni idadi ya miji, lakini Córdoba muipe usiku wake.

Nianze na ile safari iliyoharibika. Nilikuwa Madrid kwa mafunzo ya kazi, nikalipia ziara ya kikundi kwa kampuni moja iliyotangaza miji mitatu kwa siku tatu. Tuliteremshwa Córdoba saa tano asubuhi, mwezi wa Julai, siku ya Jumatatu. Anayeujua mji ule ameshaelewa tatizo. Jumatatu ndiyo siku ambayo sinagogi ya kale, magofu ya Medina Azahara na makumbusho kadhaa hufungwa, na Julai ndio mwezi ambao wenyeji wenyewe hujifungia ndani kuanzia mchana hadi jua linapopungua. Ndani ya msikiti tulikaa muda usiotimia saa moja, tukimfuata mwongozaji aliyenyanyua kibendera ili tusipotee. Nilitoka na picha nyingi kwenye simu, na nilipozitazama usiku ule sikuweza kueleza hata moja ilikuwa ya sehemu gani ya jengo.

Ni vizuri msafiri ajue anakwenda kuona nini, kwa sababu Córdoba ya leo ni mji wa wastani tu, wenye wakazi laki tatu na ushei, na haimtangazii mgeni kwamba katika karne ya 10 ulikuwa miongoni mwa miji mikubwa kabisa ya Ulaya. Warumi waliufanya makao makuu ya jimbo lao la Baetica, na mwanafalsafa Seneca alizaliwa hapo. Mwaka 756 uliingia mikononi mwa Abd al-Rahman, kijana wa ukoo wa Umayya aliyenusurika pale Waabbasi walipowaua jamaa zake mwaka 750, akakimbia kutoka Sham na kuvuka Afrika Kaskazini yote hadi akafika Andalusia. Yeye ndiye aliyeanza kuujenga msikiti katika miaka ya 780, na warithi wake wakaupanua kwa awamu kwa muda wa karne mbili. Mwaka 929 mjukuu wake wa mbali, Abd al-Rahman III, alijitangaza khalifa. Mwaka 1236 mfalme Fernando III aliuteka mji, na msikiti ukawekwa wakfu kuwa kanisa kuu, hali uliyonayo mpaka leo. Ibn Battuta, ambaye sisi wa pwani tunamkumbuka kwa kufika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alivuka kwenda Andalusia karibu mwaka 1350 na kufika Granada, lakini Córdoba wakati huo ilikuwa imekwisha kuwa chini ya wafalme wa Kikristo kwa zaidi ya miaka mia moja.

Kuhusu kufika, mambo ni mepesi. Ndege za kutoka kwetu humfikisha mtu Madrid, na kutoka stesheni ya Atocha treni ya mwendo kasi hufika Córdoba kwa muda wa saa moja na dakika arobaini na tano hivi. Njia hiyo ya Madrid hadi Sevilla ndiyo ya kwanza ya mwendo kasi kujengwa Hispania, na ilifunguliwa mwaka 1992. Kutoka Sevilla ni dakika arobaini na tano, na kutoka Málaga ni kama saa moja. Nauli hupanda kadiri siku inavyokaribia, kwa hiyo kata tiketi mapema, na fika stesheni mapema pia, kwa sababu mizigo hupitishwa kwenye mashine ya ukaguzi kabla ya kuruhusiwa kwenda kupanda treni. Saa zinazoandikwa kwenye tiketi ni za mfumo wa saa ishirini na nne, kwa hiyo ukimsimulia mzee wako kwa saa za Kiswahili, hesabu mara mbili. Stesheni ya Córdoba haiko mbali na mji wa kale, na mwenye miguu mizima hutembea kwa muda wa nusu saa au pungufu. Mimi nilichukua teksi kwa sababu ya Baba.

Sasa ratiba. Tulifika Jumanne mchana, tukaweka mizigo katika nyumba ndogo ya wageni ndani ya mji wa kale, tukapumzika, na saa kumi na nusu tukaingia msikitini kwa tiketi ya kulipia, ambayo wakati huo ilikuwa euro 13. Unaingia kwanza kwenye ua wa michungwa, ambao zamani ndio waliotawadhia waumini. Mifereji myembamba ya maji inapita baina ya mashina ya miti, na mnara wa kengele uliosimama upande mmoja umejengwa kuuzunguka mnara wa zamani wa adhana, kwa hiyo mnara wa khalifa bado umo tumboni mwa huu wa leo. Ukivuka mlango, macho yanahitaji muda kuzoea giza, kisha nguzo zinaanza kujitokeza safu baada ya safu. Zilizobaki ni 856.

Baba yangu ni fundi mwashi. Amefanya kazi ya chokaa na mawe ya matumbawe upande wa Kilwa kwa miaka mingi, na kwenye Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani anaweza kukuonyesha kwa kidole mahali palipojengwa mwanzo na mahali palipoongezwa. Mimi nilikuwa natazama juu, kwenye yale matao mekundu na meupe ambayo kila mtu huyapiga picha. Yeye alikuwa ameinama anatazama chini. Alikwenda kwenye nguzo ya kwanza, ya pili, ya tatu, akarudi, kisha akaniita: "Mwanangu, hebu njoo uone. Hizi nguzo si ndugu." Nikaangalia alipoonyesha. Moja ilikuwa na kitako cha jiwe chini yake, jirani yake ilikuwa imezama sakafuni bila kitako chochote, moja nyeusi nyororo, nyingine ya kijivu yenye madoa, na vichwa vyake vilikuwa vimechongwa kwa nakshi tofauti kabisa. Akasema: "Huyu fundi alipewa nguzo za kuokoteza, na nyingi ni fupi. Angeezeka juu yake, paa lingekaa kama la banda. Ndiyo maana amejenga tao juu ya tao."

Nilipokwenda kusoma baadaye nilikuta ndivyo wataalamu wanavyoeleza. Nguzo za sehemu ya kwanza zilikusanywa kutoka majengo ya Kirumi na ya Wavisigothi, watu waliotawala Hispania kabla ya Waislamu, hazikuwa na kimo kimoja wala hazikufika juu ya kutosha, na mafundi wakabuni matao ya ghorofa mbili: la chini, lenye umbo la kwato ya farasi, linazishika nguzo zisiyumbe, na la juu linabeba paa. Rangi zile mbili zinatokana na matofali mekundu na mawe meupe yaliyopangwa kwa kupokezana. Baba aliliona jambo hilo kwa robo saa, bila kijitabu, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumharakisha.

Tukaendelea hadi kwenye mihirabu, kazi ya al-Hakam II ya miaka ya 960, iliyopambwa kwa vipande vidogo vya kioo na dhahabu ambavyo khalifa aliviomba kwa mfalme wa Konstantinopoli pamoja na fundi wa kuvipanga. Huko nguzo zimechongwa mahsusi, nyeusi na za rangi ya waridi kwa zamu, na mkono wa serikali tajiri unaonekana. Kisha tukageuka upande wa mashariki, kwenye nyongeza kubwa ya mwaka 987 ya Almanzor, waziri aliyekuwa na nguvu kuliko khalifa mwenyewe. Hapo Baba alisimama tena, akatazama kwa makini, akanionyesha kwamba ule wekundu wa matao ni rangi iliyopakwa juu ya jiwe, hakuna tofali. Ndivyo ilivyo. Almanzor alitaka kuongeza haraka, na kwa kuwa upande wa kusini mto ulikuwa karibu, akaongezea ubavuni. Ndiyo sababu mihirabu ya Córdoba haiko tena katikati ya ukuta wake.

Katikati ya jengo utakutana na kanisa lenyewe, lililoanza kujengwa mwaka 1523 kwa kuvunja sehemu ya safu za nguzo. Baraza la mji lilipinga ujenzi huo hadi likatishia adhabu ya kifo kwa fundi atakayegusa nguzo, lakini askofu alipata kibali cha mfalme Carlos V. Wako wanaolitazama kanisa hilo kwa uchungu na wako wanaosema ndilo lililoliokoa jengo lisibomolewe lote. Mimi nina uchungu, sifichi, ila nakiri kwamba viti vya waimbaji vya mbao, vilivyochongwa katika karne ya 18, ni kazi ya mikono ambayo Baba aliiheshimu kuliko kitu chochote cha sehemu ile.

Usiku wa kwanza nendeni darajani. Daraja la Kirumi lina matao 16, na mto wake unaitwa Guadalquivir, jina ambalo masikio yetu yanalitambua: Wadi al-Kabir, bonde kubwa. Mabasi ya vikundi huwa yameondoka, wenyeji wanatoka na watoto wao kupunga upepo, na ukisimama upande wa mnara wa Calahorra unauona msikiti wote juu ya maji. Hiki ndicho wanachokikosa wanaoondoka na treni ya saa kumi.

Asubuhi ya Jumatano tuliamka mapema, na hapa ndipo penye siri ya kulala mjini. Kwa miaka mingi sasa, Jumatatu hadi Jumamosi, jengo hufunguliwa bure kuanzia saa mbili na nusu hadi saa tatu na nusu asubuhi, bila vikundi vya watalii, isipokuwa siku zenye ibada maalumu. Hakikisha katika tovuti yao kabla ya kwenda. Tulikuwa watu wachache sana. Mwanga wa asubuhi ulikuwa unaingia kwa upande, na nilisikia hatua za viatu vya mtu aliyekuwa mbali nami safu nyingi. Baba alikwenda moja kwa moja kwenye nguzo alizoziacha jana yake, akaweka kiganja juu ya moja iliyozama sakafuni, akakaa hivyo bila kusema neno.

Saa nne hivi kuna basi maalumu linalotoka pembezoni mwa mji wa kale kwenda Medina Azahara, kilomita 8 hivi upande wa magharibi. Huu ulikuwa mji wa kasri ulioanza kujengwa na Abd al-Rahman III mwaka 936 chini ya kilima, ukaporwa na kuchomwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe mwaka 1010, haukutimiza hata miaka themanini. Uchimbaji ulianza mwaka 1911, na mpaka leo ni takribani sehemu moja ya kumi tu iliyofukuliwa. UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Anza na makumbusho yaliyo bondeni, ambayo yamejengwa kwa unyenyekevu mkubwa, yakiwa yamezama ardhini, na yalipata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo mwaka 2010. Kutoka hapo basi dogo linakupandisha kwenye magofu. Katika karakana za kasri hilo na za mjini ndimo yalimochongwa makasha ya pembe za ndovu wa Afrika ambayo leo yametawanyika katika makumbusho ya Ulaya, likiwamo lile la mwaka 968 la mwanamfalme al-Mughira lililoko Louvre, Paris. Chukua maji na kofia, kwa kuwa kivuli ni haba.

Mchana lala. Nasema hivyo kwa dhati, kwa sababu mgeni anayezunguka Córdoba saa tisa alasiri wakati wa kiangazi anaihatarisha afya yake: katika mkoa huo huo, katika mji mdogo wa La Rambla, ndiko kulikopimwa nyuzi 47.6 mwezi Agosti 2021, kiwango cha juu kabisa kuwahi kurekodiwa Hispania. Miezi mizuri ni Machi hadi Mei na mwisho wa Septemba hadi Novemba.

Jioni tulitembea Judería, mtaa wa kale wa Wayahudi. Anayeijua Lamu au Mji Mkongwe hatapotea humo moyoni, hata akipotea kwa miguu: vichochoro vya upana wa mabega mawili, kuta nyeupe, na mlango ulioachwa wazi kidogo unaokuonyesha ua wa ndani, kile ambacho wazee wa Lamu hukiita kiwanda. Ipo sinagogi ya mwaka 1315, mojawapo ya chache sana za zama za kati zilizosalia nchini humo, na ipo sanamu ya Musa bin Maimuni, mwanafalsafa wa Kiyahudi aliyezaliwa katika mji huo, kama alivyozaliwa humo mwanafalsafa wa Kiislamu Ibn Rushd mwaka 1126. Nyua za nyumba zina sikukuu yake kila mwaka mwanzoni mwa Mei, ambayo UNESCO iliitambua mwaka 2012. Ukienda miezi mingine, ingia Palacio de Viana, nyumba yenye nyua 12, au pita mtaa wa San Basilio. Tulimkuta huko bibi mmoja akimwagilia maua yaliyoning'inizwa ukutani hadi karibu na paa. Alikuwa na kopo la bati lililofungwa kwenye ncha ya mwanzi mrefu. Analijaza maji ndani ya ndoo, analiinua taratibu, analiinamisha juu ya chungu kimoja, kisha anarudi kwenye ndoo. Vyungu vilikuwa zaidi ya mia. Baba alikaa kwenye kibaraza akamtazama hadi alipomaliza ukuta mmoja.

Naomba wenye uzoefu waongezee, na wenye maswali waulize.

*Mchangiaji kutoka Mombasa:* Ndugu, shukrani sana kwa maelezo haya. Mimi ni mwanamke ninayevaa hijabu na nitasafiri na mume wangu. Je, tutaruhusiwa kuswali ndani, japo rakaa mbili? Na kuhusu chakula tufanyeje?

*Mwanzisha uzi:* Dada yangu, sala ya Kiislamu ndani ya jengo hairuhusiwi, na walinzi huingilia kati wakimwona mtu anaanza. Jamii za Waislamu wa Hispania zimewahi kuomba ruhusa na uongozi wa kanisa ukakataa. Nakueleza mapema ili usifike ukavunjika moyo mbele ya mihirabu. Hijabu haina tatizo lolote, ila mumeo ataombwa avue kofia, kwa kuwa ni desturi ya kanisa kwa wanaume. Baba alivua yake ya vito akaishika mkononi muda wote. Kwa sala, upo msikiti mdogo uitwao Al-Morabito katika bustani za Plaza de Colón, ambako mtu hufika kwa miguu kutoka mji wa kale.

Kuhusu chakula, tahadhari kubwa ni nyama ya nguruwe kunyunyizwa mahali usipoitarajia. Salmorejo, ile supu nzito baridi ya nyanya, mkate na mafuta ya zeituni ambayo ndiyo fahari ya mji, huletwa mezani ikiwa na vipande vya nyama hiyo juu yake, kwa hiyo sema mapema "sin jamón". Flamenquín, nyama ya nguruwe iliyoviringishwa na kukaangwa, iache kabisa. Biringanya za kukaanga zilizomiminiwa asali ya miwa ni salama kwa kiasi kikubwa na ni tamu mno, lakini uliza kama mafuta ya kukaangia ni ya peke yake. Zipo pia hoteli za chakula za Kimoroko katika mtaa wa Judería. Jua vilevile kwamba chakula cha mchana huanza saa nane na cha usiku saa tatu. Ukienda saa moja jioni utakuta jiko limefungwa. Sokoni hutapata shida sana ya lugha: muuzaji alipotaja "aceituna" Baba akajibu "zeituni", akapewa aonje, na kutoka hapo wakaendelea na sukari, "azúcar", na zafarani, "azafrán", kama watu wa kijiji kimoja. Hata neno lao la meya, "alcalde", ni kadhi huyu huyu wetu.

*Mchangiaji kutoka Muscat:* Naheshimu mapenzi yako kwa Córdoba, lakini sikubaliani nawe. Mtu mwenye siku mbili tu maishani mwake Andalusia aende Granada akaione Alhambra. Msikiti wa Córdoba ni jengo moja. Alhambra ni mji mzima wa kifalme, wenye kasri, ngome na bustani.

*Mwanzisha uzi:* Sheikh, hoja yako ina uzito, na mtu aliyekwisha pata tiketi ya Alhambra simshauri aiache. Tatizo ni kwamba tiketi za kasri za Wanasri, ukoo wa mwisho wa watawala Waislamu wa Granada, huuzwa kwa saa maalumu, kwa jina na namba ya pasipoti, na mara nyingi huisha wiki kadhaa kabla. Nimekutana na watu waliofika Granada wakaishia kuiangalia Alhambra kutoka kilima cha pili. Córdoba inamsamehe msafiri aliyechelewa kupanga. Isitoshe, Alhambra tunayoiona ni zaidi ya karne za 13 na 14, wakati dola ya Waislamu wa Andalusia ilikuwa imebaki kipande cha kusini kinacholipa kodi kwa jirani yake hadi ilipoanguka Januari 1492. Anayeanza na Córdoba anaiona ikiwa katika nguvu zake. Ninachokipinga kabisa ni kuibana miji yote miwili ndani ya siku mbili. Ukiwa na siku nne, treni kati ya miji hiyo huchukua saa moja na nusu hivi, na hapo tutakuwa tumekubaliana wewe na mimi.

*Mchangiaji kutoka Nairobi:* Visa inachukua muda gani, na ombi lipelekwe wapi kama nitapitia pia Ufaransa? Nasikia pia msikiti uliungua moto.

*Mwanzisha uzi:* Visa ni ya Schengen, na sisi wa Kenya, Tanzania, Uganda na Kongo sote tunaihitaji. Ombi hupelekwa kwa nchi utakayolala siku nyingi zaidi. Zikilingana, kwa nchi utakayoingilia. Unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari na usichelewe kupita siku 15 kabla, ingawa mimi ningekushauri miezi mitatu, kwa sababu nafasi za miadi huwa adimu kuliko visa yenyewe. Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Bima ya safari lazima ifikie euro 30,000, na pasipoti iwe na uhai wa miezi mitatu baada ya siku utakayoondoka Ulaya. Ombi la Baba lilirudishwa mara ya kwanza kwa sababu wakala tuliyemlipa aliandika tarehe za hoteli zisizolingana na tarehe za tiketi. Kaa mwenyewe na karatasi zako, ulinganishe kila tarehe, kila jina na kila herufi.

Kuhusu moto, ni kweli. Agosti 2025 mashine ya kufagia iliyokuwa imehifadhiwa katika kikanisa kimoja cha pembeni, sehemu ya Almanzor, ilishika moto, na paa la sehemu hiyo likaharibika. Wazima moto waliudhibiti usiku ule ule na jengo likafunguliwa siku iliyofuata. Usiache safari kwa sababu hiyo.

*Mchangiaji kutoka Mombasa:* Nimezungumza na mume wangu. Tulikuwa tumepanga kufika Jumapili asubuhi na kuondoka Jumatatu. Tumebadilisha: tunafika Jumanne mchana na kuondoka Alhamisi kwa treni ya saa sita kwenda Sevilla. Sevilla tumeipunguzia siku moja.

*Mwanzisha uzi:* Mmefanya vyema, na hasa kuikwepa Jumapili, kwa kuwa siku hiyo kuna misa na watalii husubiri nje kwa saa kadhaa. Mizigo ifungeni usiku wa kuamkia Alhamisi, asubuhi muiache mapokezi, kisha saa mbili na nusu muwe mlangoni tena. Ile saa ya bure itawatosha kwenda mlikopapenda na kurudi, na treni yenu bado itakuwa mbali. Mumeo akipenda, apite upande wa kushoto baada ya mlango wa ua wa michungwa, atazame matao kwa karibu, atafute yalipoishia matofali na rangi ilipoanzia. Baba amesema mkipaona mumwambie.